Karani wa Ghalani

"Jana ulilala wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila mtu. Ungeingia ofisini kwetu na godoro kichwani na mtoto mgongoni, ukamwamkia, angeitikia "marahaba" bila kunyanyua macho, angevuta daftari, angechonga penseli, halafu angeuliza jana ulilala wapi. Jina lingefuata baadaye. Wapo waliokasirika. Namkumbuka mama mmoja aliyemjibu, "We baba, nyumba imeniangukia, unaniuliza habari za kulala?"

Naye akamwambia taratibu, "Habari za nyumba ninazo, mama. Nataka kujua habari zako."

Sote tulimwita Karani, ingawa cheo chake kwenye barua kilikuwa kirefu kuliko hapo. Mimi nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, nimetoka Morogoro, niko kwenye miezi ya majaribio ya kazi, na Dodoma nilikuwa simjui mtu. Mwaka ule mvua ilinyesha kwa namna ambayo wenyeji walisema hawajaizoea. Kule bondeni nyumba za matofali mabichi zilianza kulainika chini, zikalala moja baada ya nyingine. Watu wakahifadhiwa kwenye madarasa ya shule ya msingi. Shule ilipokaribia kufunguliwa, wakahamishiwa kwenye ghala la zamani la nafaka karibu na reli. Barua iliyowapeleka pale ilisema watakaa miezi mitatu. Wengine walikaa miaka minne.

Kazi ya Karani ilikuwa kutunza daftari la watu hao: kaya ipi, ina watu wangapi, imepewa nafasi gani ndani ya ghala, imeondoka lini na kwenda wapi. Kila mwisho wa mwezi alijumlisha, akapeleka mjini. Ile safu ya mwisho, ya kuondoka, ilibaki tupu ukurasa baada ya ukurasa. Aliitazama sana safu hiyo. Nilimkuta mara kadhaa amefungua daftari, hana anachoandika, kidole kimesimama pale pasipo na kitu.

Kila Jumanne asubuhi alikwenda ghalani kukagua, na mara nyingi nilifuatana naye. Alivaa sweta la kahawia ambalo hakulivua mpaka jua liwe limekaa utosini, maana upepo wa Dodoma alikuwa akiuogopa kuliko ugonjwa. Daftari alilitia kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi. Ndani ya ghala familia zilikuwa zimetenganishwa kwa kanga, mashuka na vipande vya maturubai vilivyoning'inizwa kwenye kamba. Karani alisimama mbele ya kanga, akasema "hodi", akangoja. Asipojibiwa alirudia. Asipojibiwa tena alipita, akarudi baadaye.

Siku moja tulikuja na bwana mmoja wa kutoka mjini, mtu mwenye haraka, akashika shuka la familia moja na kulivuta pembeni. Ndani mlikuwa na msichana anajifunga nguo. Karani, ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, alimshika yule bwana mkono.

"Huo ni mlango," alimwambia.

"Mlango gani, hiki ni kitambaa!"

"Ni mlango. Utaomba radhi."

Yule bwana akaomba radhi kwa shuka, maana msichana alikuwa ameshajificha. Baadaye tulisikia kwamba alikwenda kulalamika kwa wakubwa, na wakubwa wakampigia Karani simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "nimeelewa", akarudi kwenye kazi yake.

Majina aliandika kwa kalamu ya wino. Mengine yote aliandika kwa penseli: idadi, afya, nani amesafiri, nani amezaa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Jina halibadiliki, mwanangu. Hali inabadilika." Kwa hiyo pembeni mwa kila jina palikuwa na alama ndogo za penseli zilizofutwa na kuandikwa tena, mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni wakati wote. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kigogo aliyefika ghalani na mbuzi wawili. Karani alimsalimu "mbukwenyi", kwa lafudhi yake ya Kondoa iliyomchekesha bibi kila mara. Alipomaliza kumwandika akawa anaondoka, bibi akamwita.

"Na hawa je?"

"Hao ni mbuzi, bibi."

"Hawakulala hapa jana?"

Karani akafikiri. Kisha akainama, akaandika kwa penseli: na mbuzi wawili. Tangu siku hiyo kila Jumanne aliwahesabu, na mmoja alipokufa alifuta wawili akaandika mmoja, akampa bibi pole kama anavyopewa mtu.

Tena walikuwepo mawifi wawili, wajane, waliopikia chungu kimoja na watoto wao sita. Fomu ya mjini ilitaka mkuu wa kaya mmoja. Karani aliwauliza mkuu ni nani. Wakatazamana, mmoja akasema, "Mkuu alikufa," wakacheka wote wawili mpaka wakafuta machozi. Aliwaandika wote wawili kwenye mstari mmoja. Fomu ikarudishwa. Akaipeleka vilevile. Ikarudishwa tena. Mara ya tatu aliipeleka kwa mkono wake, akakaa kwenye benchi la ofisi ile ya mjini tangu asubuhi mpaka saa tisa, na ikapokelewa.

"Mzee, si ungemwandika mmoja tu yakaisha?" nilimwambia.

"Ningekuwa nimeandika uongo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kwa ajili ya lile lililo kweli alikuwa tayari kugombana na wakubwa, kukaa na njaa kwenye benchi, kuandika mbuzi. Nilimheshimu kwa hilo. Wala sikuwahi kufikiri kwamba tabia hiyohiyo ingeweza kumuumiza mtu.

Alikuwa amepanga chumba kimoja Miyuji. Nilifika mara moja tu, alipougua malaria siku nne mfululizo nikampelekea uji na machungwa. Kulikuwa na kitanda, kiti kimoja, jiko la mafuta, na begi kubwa la safari lililosimama karibu na mlango. Ukutani hapakuwa na kitu, hata kalenda. Nilikaa kwenye kiti, yeye akakaa kitandani amejifunika mpaka shingoni.

"Umehamia karibuni?" nilimuuliza.

"Hapana. Mtoto wa mwenye nyumba alizaliwa nikiwa hapa. Sasa yuko chuo kikuu."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka.

"Hapa napita tu," alisema. "Nyumbani ni Kondoa."

Alikuwa na mke huko na watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Zamani walikuja likizo, wakabanana wote mle chumbani, kisha watoto wakakua, chumba hakikukua, wakaacha kuja. Yeye alikwenda sikukuu. Nilimuuliza kama hana hamu ya kurudi kabisa atakapostaafu. Alikunywa uji kidogo, akaweka kikombe chini.

"Nikienda wananichinjia kuku," alisema. "Kila siku kuku. Mke wangu ananiuliza kama chumvi imetosha. Unaelewa? Mtu wa nyumbani haulizwi hivyo."

Nilimmenyea chungwa.

Mwaka wa nne wa ghala, habari njema ilikuja. Serikali ilikuwa imepata eneo nje kidogo ya mji, na kila kaya iliyokuwa bado ghalani ingepewa kiwanja. Kabla ya hapo kamati ingefika kufanya uhakiki. Siku ingekuwa moja tu. Kaya itakayokutwa inaishi pale itathibitishwa. Isiyokutwa itakatwa jina. Tuliambiwa Jumatatu mchana kwamba kamati itakuja Jumanne asubuhi.

Kaya namba kumi na saba ilikuwa ya Mama Eliza, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na watoto wake watatu. Mume alikuwa ameondoka kutafuta kazi kabla hata ya mvua ile, na hakurudi. Wiki iliyotangulia Mama Eliza alikuwa amekuja ofisini kutuaga: anakwenda kijijini Haneti na watoto kufanya kibarua cha kuvuna alizeti, atarudi mwisho wa wiki ijayo. Simu hakuwa nayo. Karani aliandika kwa penseli pembeni mwa jina lake: yuko Haneti, kibarua. Niliona kwa macho yangu akiandika.

Kamati ilifika watu watano. Mwenyekiti wao alisoma namba, mkuu wa kaya akajitokeza na watu wake, wakahesabiwa, wakapigiwa alama. Nilikuwa nimeshika kalamu za akiba na chupa za maji, hatua moja nyuma ya Karani. Ikasomwa namba kumi na saba. Kimya. Kanga ya Mama Eliza ilikuwa imening'inia pale pale, nyuma yake masufuria yamefunikwa vizuri na mkeka umekunjwa.

"Hawa wapo?" mwenyekiti aliuliza.

"Wapo kwenye daftari," alisema Karani.

"Sijauliza daftari. Wapo hapa? Jana wamelala hapa?"

Karani alifungua daftari ingawa alijua kilichomo. Nilimwona akisoma yale maandishi ya penseli. Mwenyekiti alikuwa hana ubaya, alikuwa amechoka tu na jua, na neno moja lingemtosha. "Wametoka kidogo." Hilo tu. Watu wa ghalani wote walikuwa wakitazama, na hakuna hata mmoja ambaye angebisha.

"Hapana," alisema Karani. "Jana hawakulala hapa."

Mstari mwekundu ukapita. Ikasomwa namba kumi na nane.

Nami nilikuwa najua. Mtoto wa mwisho wa Mama Eliza nilimpima uzito mimi mwenyewe kila mwezi. Ningeweza kusema, "Samahani, mwenyekiti, huyu mama yuko Haneti, anarudi Jumamosi." Nilifungua mdomo. Nikaiogopea kazi yangu. Nikampa mwenyekiti maji.

Mama Eliza alirudi Jumamosi na nusu gunia la alizeti kichwani, watoto wakimfuata kwa mstari. Sehemu yake ilikuwa imeshachukuliwa kuwekwa vifaa vya kamati. Vyombo vyake vilikuwa kwenye mfuko mlangoni, na ile kanga imekunjwa juu yake. Hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja kwa Karani, ambaye alikuwa ameitwa pale kukabidhi nakala za orodha.

"Baba, mimi hunijui?"

"Nakujua."

"Sikukuaga?"

"Uliniaga."

"Basi ilikuwaje?"

Karani alisimama na lile daftari ndani ya mfuko wa nailoni, amelishika kwa mikono miwili. Hakujibu. Mama Eliza alimngoja, tena alimngoja kwa adabu, kama mtu anayeamini kwamba jibu lipo linakuja. Kisha akamtwika mtoto mkubwa mfuko wa vyombo, akajitwika alizeti yake, wakaondoka kuelekea soko la Majengo. Hatukumwona tena.

Baada ya siku ile Karani alibadilika, ingawa mtu asiyemjua asingeona. Aliendelea na Jumanne zake mpaka ghala likafungwa. Aliendelea kuchonga penseli. Lakini alianza kuandika barua. Aliandika moja kuomba kaya namba kumi na saba irudishwe, ikajibiwa kwamba orodha imefungwa. Akaandika nyingine. Viwanja vikagawiwa, watu wakahama, na familia moja ikaghairi ikahamia Singida kwa ndugu zao, kikabaki kiwanja kimoja. Akakiomba kwa ajili ya Mama Eliza. Akaitwa mjini, tukaenda wote. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole, alimpa shikamoo na kumvutia kiti.

"Mzee, nakuelewa," alisema. "Ila orodha haifunguliwi kwa huruma. Inafunguliwa kwa sababu moja tu: kama mwandishi alikosea siku ya uhakiki."

Karani akaomba karatasi.

Aliandika palepale, juu ya meza ya yule kijana, kwa kalamu ya wino. Alipomaliza alinisogezea nisome. Aliandika kwamba siku ya uhakiki hakukagua sawasawa, kwamba kaya namba kumi na saba ilikuwepo ghalani na ililala pale, na kwamba kosa ni lake peke yake.

Nilimnong'oneza, "Lakini mzee, wewe hukukosea."

"Nilikosea," alisema. "Ila siyo kama ilivyoandikwa hapo."

Akatia sahihi.

Jina la Mama Eliza lilirudishwa, akapewa mwaka mmoja ajitokeze kuchukua kiwanja chake. Karani alipewa barua ya onyo. Daftari alinyang'anywa, akapelekwa kwenye chumba cha majalada kumalizia mwaka wake wa mwisho kazini. Watu wa ofisini walisema amezeeka, ameanza kusahau. Hakuwasahihisha, na mimi aliniomba nisiwasahihishe.

Kazi ya kumtafuta Mama Eliza akaifanya mwenyewe, Jumamosi. Alianzia Majengo, kwa wanunuzi wa alizeti na wauza nafaka, akimuulizia mwanamke wa watoto watatu, mdogo ana kovu kidevuni. Baadaye akawa anapanda basi kwenda Haneti. Alishuka, akauliza nyumba kwa nyumba, akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu wa kule walimwona mzee amevaa sweta, ana karatasi mfukoni, anataja jina la mwanamke kwa ukamilifu kabisa; wakadhani ametumwa na serikali kumkamata. Wakamwambia hawamjui. Nilihamishiwa ofisi nyingine wakati huo, na naye alikuwa anakaribia kustaafu. Simu zetu zikapungua, mwisho zikakatika, na ukweli ni kwamba aliyeacha kupiga ni mimi.

Nilikutana naye tena Majengo, kama miaka mitatu baadaye. Nilikuwa nimenunua karanga, naingia kwenye mgahawa kupumzisha miguu, nikamwona peke yake kwenye meza ya ukutani, amekonda, shati limemzidi. Nikamwamkia. Aliitikia, akanitazama kwa muda, kisha uso wake wote ukafunguka.

"Kaa, mwanangu, kaa."

Nilimuuliza kama bado yuko Miyuji. Yuko Miyuji. Nilimuuliza Kondoa. Alisema hawajambo. Kisha akaniambia bila kuulizwa, "Nilimpata."

Mzee mmoja wa kanisa kule Haneti ndiye aliyechoka kumwona akishuka kwenye basi kila wiki, akamuuliza anataka nini hasa. Alipoelezwa, wiki iliyofuata Mama Eliza alikuja mwenyewe stendi. Alikuwa anaishi mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Kwa miezi yote ile alikuwa akiambiwa kuna mzee anamtafuta, naye akijificha ndani. Mwaka ule wa kungojewa ulikuwa umebakiza wiki tatu.

"Alikasirika?" nilimuuliza.

"Hata. Alisema, 'He, Karani, umezeeka!' Akacheka. Tukaja naye mjini, akachukua karatasi zake. Ameshajenga vyumba viwili. Watoto wanasoma."

"Mungu mkubwa, mzee."

"Mkubwa." Alizungusha kikombe chake cha chai mezani. "Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Niliyaweka sawasawa kwa muda mrefu. Tukiwa kwenye basi nikamwambia yote, la siku ile, la penseli, la swali lake ambalo sikulijibu. Akanisikiliza. Halafu akasema, 'Baba, mimi yale nilishayasahau. Nilikuwa na mambo mengi.'"

Nje bajaji zilikuwa zikipigiana honi.

"Ni vizuri amesahau," nilisema.

"Ni vizuri sana," alisema. "Nilishukuru. Nikashuka, nikaenda chumbani, nikakaa. Jumamosi iliyofuata nikavaa viatu, nikakumbuka kwamba sina pa kwenda."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia kwamba siku ile ya uhakiki nilikuwa nyuma yake, nilijua Mama Eliza yuko wapi, nilifungua mdomo na nikaufunga kwa sababu ya kazi yangu. Nilimwambia kwamba kazi ninayo mpaka leo, na kwamba yeye alibeba kosa la wawili kwenye ile karatasi.

Hakushangaa. "Nilikusikia ukivuta pumzi," alisema. "Nikangoja useme. Hukusema, nikadhani labda nimefanya sawa."

Mwenye mgahawa akaja kuchukua vikombe. Nilipofungua pochi ili tuondoke, nilimwambia kwamba Jumamosi nitakuwa nyumbani na mume wangu na watoto, aje ale nasi mchana. Alikubali haraka, kwa namna iliyonitia aibu.

Alikuja. Alifika saa moja kabla ya chakula, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na zabibu kwenye mfuko wa karatasi. Tulikula ugali na mlenda. Alikula kidogo, akaongea kidogo zaidi, akawauliza watoto wangu wanasoma darasa la ngapi na akasahau, akawauliza tena. Alasiri ilipokaribia alisema anawahi msikitini. Nilimsindikiza mpaka getini. Akashika komeo, hakulifungua.

"Na Jumamosi ijayo," aliuliza, "mtakuwepo?"